Wewe ndiye ulifungua muamala, wewe ndiye ufunge

Wasee, hii posti nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne. Sai naiweka kabla niogope tena.

Kama umekuwa hapa tangu mwaka jana, unaikumbuka ile video ya apu ya chama. Siku 9, lapi moja yenye skrini imepasuka pembeni, na mwishoni mathee anacheka akishika simu. Ndiyo video yangu iliyoangaliwa na watu wengi kuliko zote. Watu waliandika "umeweza," wengine "kampasi ni ya nini sasa," na mimi niliyeacha kampasi mwaka wa pili nikainywa hiyo sifa kama soda baridi. Kitu sijawahi kuwaambia ni kwamba hiyo apu iliishi miezi miwili tu, na siku ilipokufa ilibaki kidogo ife na jina la mathee.

Kosa lilikuwa kwa kodi yangu. (Kodi ya kompyuta, si ile ya landilodi. Ya landilodi nayo nilikuwa nimechelewa, lakini hiyo ni posti nyingine.)

Chama cha mathee kina wamama 18. Wanakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila mtu anatoa 2,000, na mfuko unakopesha wanachama kwa riba kidogo. Mathee alikuwa mweka hazina kwa miaka 7. Rekodi zote ziliishi ndani ya kaunta buku yenye jalada gumu, na ile kaunta buku ilikuwa inalala chini ya godoro lake. Mimi nikaiona nikasema hapa kuna kazi, na pia kuna video.

Fankisheni yangu ya kutoa mkopo ilikuwa inafanya vitu vitatu: inapunguza salio la mfuko, inaandika mkopo kwenye jedwali la mikopo, halafu inaandika mstari kwenye leja. Nilitumia Python, databesi ya PostgreSQL, na maktaba ya psycopg2 katikati. Hiyo maktaba ina tabia moja ambayo imesumbua kila mtu anayeanza. Ukituma amri ya kwanza, inakufungulia muamala kimya kimya, na chochote unachoandika hakibaki hadi uite conn.commit(). Kwa hivyo siku ya kwanza unaandika data, unaenda kuangalia, hakuna kitu. Unauliza mtandaoni, unajibiwa "umesahau commit." Unaiweka, inafanya. Ukishachomeka hivyo mara moja, kuanzia siku hiyo unanyunyiza commit kila mahali kama chumvi kwa chipsi.

Ndivyo nilifanya. punguza_salio() ilikuwa na commit yake mwishoni. andika_mkopo() ilikuwa na yake. andika_leja() pia. Nikajaribu kwa lapi mara ishirini, poa kabisa. Bila shaka ilikuwa poa, nilikuwa najaribu na data nzuri.

Jumapili ya tatu, mama mmoja akaomba 30,000 za kumpeleka kijana bodingi. Mathee ni mtu wa kuandika vitu vikamilike, kwa hivyo pale kwa "sababu ya mkopo" akaandika yote: karo, sanduku, godoro, yunifomu, viatu jozi mbili, nauli. Hiyo safu mimi niliipa herufi 50. Mbona 50? Sina jibu, ilikuwa saa nane usiku. PostgreSQL ikipewa maneno yanayozidi nafasi haikati mkia ikaendelea, inakataa mstari mzima. Lakini wakati inaukataa, salio lilikuwa limeshapunguzwa na commit ya hiyo hatua ilikuwa imeshapigwa. Skrini ikasema "Kuna hitilafu, jaribu tena." Hayo maneno niliyaandika mimi. Mathee, mtu mtiifu, akajaribu tena. Halafu akajaribu tena.

30,000 mara tatu. Mfuko ukasoma 124,000 badala ya 214,000. Hakuna mkopo ulioandikwa, hakuna mstari wa leja, hakuna jina. Na ujue kwamba kwenye ile video nilijigamba kuhusu uwazi: kila mwanachama anaona salio la chama kwa simu yake, hapo hapo. Kwa hivyo wamama 17 wakiwa wamekaa sebule moja na sahani za chapati magotini waliona 90,000 zikitoka mfukoni huku mweka hazina ndiye ameshika simu ya kutoa.

Pesa yenyewe ilikuwa benki bila kuguswa, lakini akaunti ilikuwa ya sahihi tatu, haikuwa imeunganishwa na simu ya mtu, na siku ilikuwa Jumapili. Mathee hakuwa na cha kuonyesha. Akanipigia. Nilikuwa uwanjani. Nikamwambia, "Mathee tulia, ni kompyuta tu imekosea." Akasema, "Waambie wewe," akaniweka kwa spika. Hapo ndipo nilisimama kando ya goli nikieleza mambo ya databesi kwa sebule nzima ya wamama. Nilipomaliza kukawa kimya kidogo, halafu sauti moja ikasema polepole, bila hata hasira, "Lakini mtoto si lazima amtetee mamake?"

Jumatatu benki ikatoa taarifa ya akaunti: 214,000 kamili. Watu wakaomba msamaha, kukacheka. Mathee alirudia kaunta buku siku hiyo hiyo, na kwa mkutano uliofuata akaomba mtu mwingine ashike hazina. Alisema amechoka. Mimi naishi na yeye, na naweza kuwaambia hakuwa amechoka.

Sasa nifike kwa kile nataka tubishane. Msimamo wangu ni huu: fankisheni ndogo haina ruhusa ya kupiga commit. Haipaswi hata kujua kwamba kuna kitu kinaitwa commit. Anayejua shughuli nzima ni nini, yule aliyepewa agizo "toa mkopo," ndiye afungue muamala na ndiye aufunge, kwa kuukubali wote au kuufuta wote. Wengine wote chini yake wapewe muunganisho, wafanye kazi yao, na wakikwama wapige kelele.

Fikiria makanga. Akigonga bodi ya mat, dere anaondoa gari. Sasa weka makanga watatu kwa gari moja, kila mmoja anagonga akimaliza kupakia abiria wake. Lazima kuna mtu ataachwa na mguu mmoja ndani na mwingine kwa lami. Kodi yangu ilikuwa na makanga watatu.

Baada ya hiyo Jumapili nilikaa na mathee nikamwangalia vile anaandika kwa kaunta buku, kitu ambacho nilifaa kufanya kabla hata sijafungua lapi. Kushoto anaandika pesa inayotoka. Kulia anaandika jina la anayekopa na la mdhamini. Chini kabisa mkopaji anatia sahihi, na pesa haiondoki mezani kabla ya hiyo sahihi. Mtu akibadilisha nia katikati, mathee anachukua rula, anapiga mstari juu ya shughuli yote, kushoto na kulia, anaandika "imefutwa." Sahihi ni moja kwa shughuli nzima. Mimi nilikuwa natia sahihi kila mstari, halafu nashangaa nusu ya ukurasa imekubaliwa na nusu iko tupu.

Na msidhani sikuwa nimefundishwa. Kabla niache kampasi tulikariri ACID kwa mtihani. Hizo herufi nne zilibuniwa na Theo Härder na Andreas Reuter mwaka wa 1983: yote yafanyike au hata moja lisifanyike, data ibaki halali, wanaofanya kazi kwa wakati mmoja wasiingiliane, na kilichokubaliwa kibaki hata umeme ukipotea. Hilo swali nilipata alama zote. Nilijua herufi, sikujua kwamba ni mimi ninayepaswa kuamua "yote" inaanzia wapi na inaishia wapi. Databesi haiwezi kukuamulia hiyo. Kwa PostgreSQL mabadiliko matatu yenye commit tatu ni miamala mitatu halali kabisa, na kila mmoja ulikuwa na ACID yake safi. Databesi ilinipa nilichoomba.

Hii akili pia ni ya zamani kuliko sisi. Jim Gray, Mmarekani aliyefanya kazi IBM na aliyepewa tuzo ya Turing mwaka wa 1998 kwa kazi yake ya databesi na miamala, aliandika mwaka wa 1981 kwamba wazo la muamala limetoka kwa sheria ya mikataba. Mfano wake mmoja ni harusi ya kanisani. Padri anamuuliza huyu, anamuuliza yule, na hadi wote wakubali hakuna ndoa. Mmoja akikataa, haibaki robo ya ndoa. Huyu mzee alitoka na mashua yake San Francisco Januari 2007 na hakuonekana tena. Machi mwaka huo huo M-Pesa ikazinduliwa hapa kwetu. Sisemi kuna uhusiano, ila huwa nawaza vile hakuwahi kuona mama mboga akitumia wazo lake kutwa nzima.

Sawa, kodi. Baada ya kutoa commit zote kwa fankisheni ndogo, ilibaki hivi:

def toa_mkopo(conn, mwanachama, kiasi, sababu):
    with conn:
        punguza_salio(conn, kiasi)
        andika_mkopo(conn, mwanachama, kiasi, sababu)
        andika_leja(conn, mwanachama, kiasi)

Ni hayo tu. Kwa psycopg2, hiyo "with conn" ikiisha salama inapiga commit, na hitilafu ikitokea ndani inapiga rollback halafu inairusha hitilafu juu uione. (Haikufungii muunganisho, hiyo bado ni kazi yako. Psycopg 3 imebadilisha hapo, kwa hivyo soma maelezo ya toleo ulilonalo.) Ukiwa mtu wa Django, transaction.atomic() inafanya kazi hiyo hiyo, na hata ukiiweka ndani ya nyingine, ile ya ndani haikubali chochote peke yake. Inaweka tu alama ya kurudia, na ya nje ndiyo ina neno la mwisho. Wale waliotengeneza Django walifikia msimamo wangu kabla yangu, nawashukuru.

Kuna mtu atasema, "Lakini punguza_salio wakati mwingine naiita peke yake, si itakosa commit?" Itakosa, ndiyo. Anayeiita ndiye afungue muamala wake. Ukiona hiyo ni kazi nyingi, ujue unachokwepa ni kuamua nani anawajibika.

Nikishamaliza hapo, nikafanya kosa la pili, na hili nalipenda zaidi kwa sababu nililifanya nikijiona mjanja. Niliona kama muamala ni mtamu hivi, basi wacha kila kitu kiingie ndani, hata meseji ya kumjulisha mtu. Wakati huo apu nilikuwa naijaribu na mbogi yangu, watu 6 tunaochanga pesa za uwanja na mipira. Nikatoa 1,500 kwa msee wa kununua mipira. Salio likapungua, meseji ikatumwa, "Umepewa 1,500," halafu leja ikakataa kwa sababu nyingine kabisa. Rollback ikapigwa vizuri. Databesi ikarudi safi kama haijawahi kuguswa. Lakini meseji iko kwa simu ya msee. Hakuna rollback ya meseji. Alipiga skrinishoti na ananidai hadi leo, na mbaya zaidi ananidai mbele ya watu.

Hata ingefaulu bado ilikuwa kosa. Ukipunguza salio ndani ya muamala, ule mstari wa mfuko unafungwa hadi muamala uishe. Kama baada ya hapo unangojea mtambo wa meseji ujibu, na siku hiyo mtandao uko na huzuni, kila mtu mwingine anayetaka kugusa huo mfuko anapanga foleni nyuma yako. Muamala unafaa kuwa kama kutoa pesa kwa ATM ukiwa na watu nyuma: ingia, fanya, toka. Usianze kupiga simu ukiwa umesimama pale.

Malipo ya simu ndiyo mfano mkubwa. Ukitumia Daraja kumtumia mteja lile ombi la kuweka PIN, yeye anaweza kukaa nalo akitafuta miwani. Jibu linakuja baadaye, kwa anwani yako, kama ombi jipya kabisa. Huwezi kuliweka kwa muamala mmoja na ulichoanza. Kwa hivyo ni miamala miwili mifupi: wa kwanza unaandika "malipo haya yanasubiri" na kufunga, halafu unatuma ombi, na jibu likifika wa pili unaandika "yamelipwa" pamoja na kila kinachofuata malipo. Katikati hapo data yako inasema ukweli, kwamba inasubiri. Watu wengi wanaogopa kuandika "inasubiri" kwa databesi kana kwamba ni aibu.

Na meseji? Sai naiandika kama mstari kwenye jedwali nililoliita kikasha, ndani ya muamala ule ule wa mkopo. Mkopo ukikubaliwa, meseji iko kikashani. Mkopo ukifutwa, mstari wa kikasha unafutika nao. Kuna programu ndogo pembeni inayopita kila baada ya sekunde chache kutuma zilizomo na kuweka tiki. Django ina on_commit inayotuma baada ya muamala kukubaliwa, na ni nzuri kwa vitu vidogo, lakini seva ikizimika kati ya commit na kutuma, hiyo meseji imepotea na hakuna anayejua ilikuwepo. Kikasha kinakumbuka. Kibaya chake ni kwamba programu ikifa baada ya kutuma na kabla ya tiki, mtu atapata meseji mara mbili. Afadhali mara mbili kuliko mtu aambiwe uongo.

Kuna tabia nyingine lazima niiseme kwa jina: except halafu pass. Buda, acha. Najua inanyamazisha hitilafu na unaenda kulala. Lakini ukiimeza hitilafu ndani ya muamala, ule mlango wa nje unadhani kila kitu kiko sawa, unapiga commit. Kama hitilafu ilikuwa ya kodi yako ya Python, nusu ya kazi inakubaliwa, umerudi kwa 90,000 za mathee. Kama hitilafu ilitoka kwa PostgreSQL yenyewe, ni vichekesho zaidi. Ikishakataa amri moja ndani ya muamala, inakataa zote zinazofuata hadi ufute, na ukiiambia COMMIT inageuza kuwa ROLLBACK bila kupiga kelele. Wewe unamwonyesha mteja "Imefaulu!" na tiki ya kijani, na hakuna hata herufi iliyobaki. Hitilafu iache ipande juu hadi kwa aliyefungua muamala. Mwambie mteja baada ya rollback, ukiwa nje.

Pia muamala hautakuokoa na kila kitu. Ukisoma salio kwa Python, ukatoa 30,000 kichwani, ukaandika jibu, watu wawili wakifanya hivyo sekunde moja mmoja atamfuta mwenzake, hata kama kila mmoja yuko ndani ya muamala wake. Kiwango cha kawaida cha PostgreSQL kinaruhusu hiyo. Mwachie databesi hesabu: SET salio = salio - 30000 WHERE salio >= 30000, halafu uangalie imegusa mstari mmoja au sufuri. Ikiwa ni sufuri, pesa haitoshi, rusha hitilafu. Na kuhusu mathee kubonyeza mara tatu, kila fomu sasa inabeba namba yake, na hiyo namba ni UNIQUE kwenye jedwali la mikopo. Ukibonyeza mara tatu kwa namba moja, mkopo unatoka mara moja. M-Pesa imekuzoesha tayari, ile kodi ya herufi na namba 10 kwa kila meseji haijirudii. (Sawa, hiyo ni kodi ya tatu kwa hii posti.)

Mtanisamehe nikisema hii, lakini sisi watu wa "tengeneza apu kwa wikendi" ndio tumeharibu. Mimi wa kwanza. Video nzuri ni ile kila kitu kinafanya. Hakuna mtu anarekodi dakika kumi akichomoa waya katikati ya mkopo aone nini kimebaki. Hata AI ukiiomba ikuandikie inakupa commit tatu kwa ujasiri mkubwa kama zile zangu, kwa sababu imesoma watu kama mimi. Siku hizi kabla nikubali kodi yoyote, yangu au ya mashine, naweka kidole kati ya mstari na mstari naiuliza: umeme ukienda hapa, databesi inasema nini? Halafu sitosheki na kidole. Naweka raise hapo kwa makusudi, naiendesha, naenda kuhesabu jumla ya mfuko na jumla ya leja. Zikipishana hata shilingi, sijamaliza.

Mbona nasema haya leo? Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja aliniandikia. Alipakua kodi ya ile video, ile ya zamani yenye makanga watatu, akaitumia kwa kikundi cha akiba cha kanisa lao. Alikuwa ananishukuru. Akauliza kama naweza kumsaidia kuongeza ukurasa wa kila mwanachama kuona salio.

Video nimeitoa. Kodi ya zamani nimeifuta na mpya iko hapo, pamoja na maelezo ya jinsi ya kulinganisha mfuko na leja kama ulikuwa umeanza kutumia ile nyingine. Kama uliipakua kabla ya mwezi huu, tafadhali fanya hiyo hesabu leo, kabla ya mkutano wenu, si baada. Yule jamaa wa kanisa nimemwandikia meseji tatu na nimempigia. Bado hajajibu, na wao hukutana Jumapili.